Risasi za +P kwenye bastola ya kawaida: kagua haya kabla hujapakia

Karibuni. Mezani leo kuna bastola ya milimita 9, boksi la risasi lililofungwa, brashi ya mtutu, vitambaa vya pamba, kichupa cha mafuta ya silaha, tochi na kalipa, kifaa cha kupimia urefu na unene. Pembeni kuna ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu. Kazi yake mtaiona sasa hivi.

Swali linalokuja kila wiki ni hili: nimepata risasi zimeandikwa +P, nikiweka springi ngumu zaidi, bastola yangu itazimudu? Zitaingia, tena bila kukwama, na hilo ndilo tatizo. Ganda lina vipimo vilevile, kwa hiyo chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, haiwezi kukukatalia. Kinachotofautiana ni shinikizo la gesi baruti inapowaka. Kwa kipimo cha Marekani, risasi ya kawaida ya 9x19 (unene milimita 9, ganda milimita 19) mwisho wake ni psi 35,000, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba, na +P inafika 38,500. Tairi la bodaboda huwa na psi 30 hivi, fikiria mwenyewe. Ukikuta +P+, ujue hiyo haina kiwango kilichowekwa. Kila kiwanda kinajaza kinavyojua. Hiyo weka pembeni.

Tuanze. Elekeza mdomo wa bastola kwenye ndoo ya mchanga. Toa magazini kwanza, halafu ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele. Usigeuze mpangilio huo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi iliyokuwa kwenye chemba inaruka nje, nyingine inapanda kuchukua nafasi yake, na wewe unadhani umeshaitoa. Vuta mara tatu, funga slaidi nyuma, mulika chemba, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Risasi zote ziende chumba kingine. Watoto nao waende kucheza nje.

Sasa soma mtutu. Kamera isogee hapa, kwenye tundu la kutolea maganda. Maandishi 9x19, 9 Luger na 9 Para ni kitu kimoja. 9x18 ni Makarov, ya bastola ya Kirusi yenye jina hilo, kitu kingine kabisa. 9x17, ambayo wengine huandika 9 Kurz au 380 Auto, ni ile fupi. Neno "tisa" limewaponza wengi. Chukua kalipa uende kupima kule zilipo risasi: ganda la 9x19 lina urefu wa milimita 19 na nukta kidogo, la Makarov ni 18. Kichwa cha risasi ya Makarov kina unene wa milimita 9.27, cha 9x19 ni 9.03. Mwambie muuza duka "naomba za tisa" halafu usipime, utarudi nyumbani na boksi ambalo si lako.

Geuza risasi uangalie kitako chake. Aina imechongwa kuzunguka fataki, kile kiduara cha katikati kinachogongwa na kuwasha baruti, na alama ya +P inakaa hapohapo. Duara lenye msalaba ndani ni alama ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Hizo nazo zina nguvu kuliko za kawaida. Kama kitabu cha bastola yako hakisemi waziwazi kwamba +P inaruhusiwa, jibu ni hapana. Na kama kitabu kilipotea, jibu bado ni hapana.

Tuje kwenye springi, ile inayorudisha slaidi mbele, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Shinikizo linazuiwa na ukuta wa chemba na ganda. Springi haiko humo. Baruti inawaka na shinikizo linafika kileleni slaidi ikiwa bado haijasogea kiasi cha maana, kwa hiyo springi ngumu haipunguzi hata psi moja. Inachofanya ni kuchelewesha slaidi ikirudi nyuma, kisha kuirudisha mbele kwa kishindo zaidi. Matokeo yake maganda yanakwama, risasi inayofuata haipandi vizuri, na ile nguvu ya ziada imebaki palepale ndani ya chemba.

Bastola kama Makarov ni hatari zaidi kwa mchezo huu. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu, na hakuna kufuli. Uzito wa slaidi na springi ndivyo pekee vinavyolizuia ganda lisitoke. Zile za mfumo wa Browning, mtutu na slaidi hufungana na kurudi nyuma pamoja kidogo, ndipo mtutu unainama na kuachia, shinikizo likiwa limeshashuka. Kwenye ile isiyo na kufuli, risasi kali inafungua mlango mapema: ganda linatoka nusu huku bado limejaa gesi, linapasuka upande usio na ukuta, na gesi inatafuta njia kupitia kwenye magazini na mkononi mwako.

Fungua bastola kwa utaratibu wa kitabu chake. Baadhi, Glock ikiwemo, zinakutaka ufyatue triga kabla ya kuitoa slaidi, kwa hiyo rudia kukagua chemba, hata kama umeikagua dakika mbili zilizopita. Brashi ipite kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni. Kitambaa kifuate mpaka kitoke cheupe.

Mafuta: tone moja kwa kila reli, zile njia ambazo slaidi inateleza juu yake, tone moja juu ya mtutu unapogusana na slaidi, basi. Dodoma hii, kuanzia mwezi wa sita upepo unapoanza kupuliza, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sanduku la chuma. Likikutana na mafuta mengi linakuwa tope la kusagia, na reli zinalika. Ile dawa ya kupuliza ya kulainisha nati zenye kutu si mafuta ya silaha. Ikikauka inaacha utando wa kunata.

Mulika mtutu kwa ndani. Kivuli kinachozunguka kama pete ni uvimbe. Mtutu huo umekwisha. Chunguza kona za tundu la kutolea maganda na mizizi ya reli. Ufa mwembamba kama unywele unaonekana ukipaka mafuta kisha ukafuta: mafuta yanabaki kwenye mstari.

Rudishia, bila risasi. Elekeza mdomo juu, slaidi iachie taratibu kwa mkono. Inatakiwa ijifunge yenyewe mpaka mwisho. Ikibaki hata milimita moja, huenda springi imechoka. Nunua ya aina ileile ya kiwandani, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Kibali chako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni cha kumiliki bastola. Hakikufanyi fundi wa kuigeuza.

Ukienda shabaha, okota maganda yako. Fataki ya kawaida ina ukingo wa mviringo. Ikiwa imelala bapa na kujaa shimo lake lote, au ganda limevimba karibu na kitako, boksi hilo liweke kando. Ila kwenye bastola dalili hizi huchelewa. Fataki nzuri haithibitishi kwamba shinikizo lilikuwa salama.

Sikiliza na mlio. Ukifyatua ikatoa "puf" badala ya mlio wake, acha kabisa. Usivute tena. Huenda kichwa cha risasi kimebaki katikati ya mtutu, na kinachofuata kitapasua chuma. Isipolia kabisa, shikilia mdomo ukielekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, kwa sababu fataki mbovu inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Ndipo utoe magazini, uvute slaidi, na upitishe kijiti cha mbao kwenye mtutu kuona kama pako wazi. Kijiti kikigota, usikigonge. Funga bastola kwenye kitambaa, slaidi ikiwa wazi, mpelekee fundi hivyohivyo.