Mkana Mungu Akiongea: Kwa Nini Wanasiasa Wetu Wanapenda Madhabahu

Asanteni, asanteni, tukae basi. Nyinyi mlio huko nyuma songeni mbele, viti viko. Nimeitwa niongee kama mtu asiyeamini Mungu, niseme naonaje dini kwenye siasa za Kenya na kwenye maisha ya nyumbani, na najua kuna watu wamekuja tu kuangalia kama nina pembe. Sina pembe jamani. Nalipa kodi, nashabikia Gor Mahia, na hiyo ya Gor ndiyo dhambi pekee nitakayokiri leo.

Niseme mapema kabisa, sikuja kumtoa mtu kanisani wala msikitini. Mamangu ni Mwanglikana wa kitambaa kichwani na kila kitu, nikienda kwake lazima aniombee kabla ya chai, na mimi nakaa kimya mpaka amalize, halafu tunakunywa chai tunamsengenya jirani. Sina vita na yeye. Na Mungu mwenyewe siwezi kugombana naye manake kwangu hayuko, utagombana vipi na mtu hayuko? Shida yangu iko kwingine. Sisi Wakenya tumetenga mahali fulani ambapo mtu akishasimama hapo na maikrofoni haulizwi kitu, anaitikiwa tu amina. Na mwanasiasa anapajua hapo mahali kuliko hata pasta.

Fikiria mheshimiwa akifanya mkutano sokoni. Mama mboga atampigia kelele, barabara iko wapi, basari ya watoto iko wapi, vijana watamzomea, wengine watataka kitu kidogo kwanza ndio wamsikilize. Sasa huyo huyo Jumapili mpeleke kanisani, amevaa suti, familia imekaa safu ya kwanza, askofu amemkaribisha asalimie waumini, anasalimia nusu saa. Anatukana wapinzani wake mbele ya msalaba, anaahidi lami, anatoa bahasha, watu wanapiga makofi. Nani atanyanyuka amuulize hizo pesa zimetoka wapi? Ukinyanyuka wewe ndio umevuruga ibada! Hapo unatolewa na mashemasi, tena wana nguvu hao.

Na hii kitu si ya jana. Wa rika langu mnakumbuka taarifa ya habari ya Jumapili enzi za Moi, Mtukufu Rais leo amejumuika na waumini wa kanisa fulani, hiyo ndiyo habari ya kwanza, iwe nchi ina njaa iwe haina. Ramadhani nayo tunaona pakiti za unga na sukari za futari zina sura ya mheshimiwa juu. Kwa hivyo ndugu zangu Waislamu msicheke sana, mko ndani.

Nikiwa mkweli, wa kwanza kuchoka na haya mambo walikuwa watu wa dini wenyewe, si sisi. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alisema basi, wanasiasa hawataongea tena kwenye mimbari zao, wakija wakae kama waumini wengine. Juni 2024 vijana wa Gen Z wakashika hiyo kitu kwa mikono yao, wakaanza kuwazomea wanasiasa ndani ya kanisa. Halafu Novemba 2024 Rais Ruto akaenda kanisa Katoliki la Soweto kule Kayole, akatoa zaidi ya milioni mbili za kwaya na nyumba ya padri, akaahidi na basi juu, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza pesa zirudishwe. Mimi mkana Mungu siku hiyo nilimpigia askofu makofi nikiwa peke yangu sebuleni. Siku chache kabla ya hapo maaskofu walikuwa wameisema serikali hadharani, sasa ukishamsema mtu halafu uchukue bahasha yake, utamsema tena na mdomo gani?

Lakini tuliendelea hivyo? Wapi. Julai 2025 tukasikia Ikulu inajengwa kanisa, gazeti likaandika ni la watu 8,000 na gharama kama bilioni 1.2, Rais akajibu anatumia pesa zake na hataomba msamaha kwa mtu. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, maneno machache sana hayo, mtoto wa darasa la nne anaelewa. Ikulu si boma la mtu, ni nyumba ya wapangaji, huyu akihama anaingia mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa Mwislamu, Mhindu au mimi. Sawa, si mimi.

Sasa tuingie pale panapouma. Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi kwenye ule msitu wa Kilifi, na mpaka kazi inasimama miili ilikuwa imepita 400, wakiwemo watoto wengi. Watu waliambiwa wafunge mpaka kufa wakakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, hakuwa mtu mgeni kwa serikali, alishakamatwa miaka ya nyuma kwa kuhubiri watoto wasiende shule, na akarudi kuhubiri. Watu husema wale walikuwa wajinga. Mimi nakataa. Walikuwemo watu wamesoma, waliuza mali wakahamia pale. Wote tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi, wao walifuata somo mpaka mwisho tu. Na jirani aliyeona, na chifu aliyesikia, naye aliogopa kuingilia kanisa la mtu.

Hebu ona mwaka 2016. Januari serikali ilitoa rasimu ya sheria za kusimamia makanisa, pasta awe na cheti cha theolojia, kanisa lijulikane, wachungaji wakaja juu na serikali ikarudi nyuma haraka sana. Mwaka huo huo, Februari, chama cha wakana Mungu kikasajiliwa, Aprili usajili ukasimamishwa, eti wananchi wana wasiwasi na amani. Yaani Mackenzie anahubiri Malindi, na tishio kwa amani ni watu wanaokutana kunywa kahawa na kubishana kuhusu Darwin! Chama kipo mpaka leo lakini. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akasema amempata Yesu, nchi nzima ikatucheka, na chama kikamtakia heri. Ndio inavyotakiwa, mtu aingie atoke bila kulaaniwa.

Nyumbani ni vigumu zaidi kuliko siasa, hilo niwaambie. Kwenye sensa ya 2019 watu zaidi ya 755,000 walihesabiwa hawana dini, kati ya milioni 47 na kitu, lakini uliza wangapi wamewaambia mama zao. Msibani ndiko kuna kazi. Tulipomzika mjomba, mwili ulikuwa umeshatolewa nje, mara choppa ikatua kwenye shamba la mahindi, vumbi likajaa kwenye sufuria za pilau, mchungaji akakatiza mahubiri yake ampe mheshimiwa nafasi. Akaongea siasa karibu saa nzima. Jeneza liko juani, shangazi ameshika mwavuli, hajikingi yeye, anakinga jeneza. Nilitaka kusema kitu. Binamu akanivuta koti, akaninong'oneza, wewe humwamini Mungu, ukiongea watasema ni shetani. Ikabidi ninyamaze. Na wale wanaoamini, ambao wangesikilizwa, walinyamaza pia.

Kitu kimoja wengi hawajui. Katiba yetu inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, lakini ukienda kwenye viapo, Jedwali la Tatu, hata Rais anaruhusiwa kuthibitisha tu bila kutaja Mungu. Kortini pia, ukiwa shahidi unaweza kukataa Biblia na Kurani ukathibitisha. Karani atakuangalia vibaya, atakuuliza mara mbili, lakini ni haki yako, na ushahidi wako una uzito ule ule.

Haya, nimeongea sana na hapa si kanisani, mnaruhusiwa kunikata. Nani ana swali? Mzee wa kofia, wewe nimekuona ukitikisa kichwa tangu Shakahola, anza wewe.