Manyoya ya Phoenix Yalikuwemo Begini

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, na leo tunaongelea gemu zinazovunja kanuni zake zenyewe. Kaka, anza wewe, maana hili limekukaa rohoni miaka mingi.

BARAKA: Limenikaa kweli, dada. Final Fantasy VII, ya mwaka 1997, kwenye PlayStation ya kwanza. Diski zilikuwa tatu. Mwishoni mwa ile ya kwanza Aerith, msichana wa kundi letu, amepiga magoti anasali, Sephiroth, yule adui mkuu, anashuka kutoka juu na kumchoma upanga mgongoni. Anakufa. Na mimi begini nina manyoya ya Phoenix tele!

ZUHURA: Kwa wasioicheza, hayo manyoya ndiyo dawa ya kumwinua mwenzako akianguka vitani.

BARAKA: Yanauzwa dukani, gil 300 tu, pesa ya humo gemuni. Na Phoenix ni ndege gani? Si yule anayeungua akazaliwa upya majivuni? Jina lenyewe linakuahidi uhai.

ZUHURA: Hapo mimi na wewe hatuelewani. Kuanguka vitani kwangu ni kuzimia. Mtu kaishiwa nguvu, unamwamsha. Aerith alikufa.

BARAKA: Sasa hiyo tofauti mchezaji kaambiwa wapi? Sikiliza. Mwili wa Aerith haujapoa, linakuja pigano na lile dubwana Jenova. Hata muziki wa vita hawaweki, wimbo wa Aerith ndio unaoendelea. Katikati ya pigano Tifa wangu, mwenzetu mwingine, akaangushwa. Nikafungua orodha ya vitu, nikampa unyoya mmoja, akasimama. Yaani palepale, hatua chache kutoka alipouawa mwenzake.

ZUHURA: Eeh, hapo umenibana. Na Aerith mwenyewe ndiye alikuwa akiwaponya wote.

BARAKA: Mganga hajigangi.

ZUHURA: Lakini kasoro hiyo mimi naisamehe, maana ina uzito wake, walitaka kifo kisicho na dawa. Nisichokisamehe ni uzembe wa mambo madogo. Skyrim, 2011: moto unakutoka viganjani, unamchoma nao joka, halafu mlango wa mbao uliofungwa hautoi hata moshi. Ukatafute ufunguo!

BARAKA: Hilo naliunga mkono. Kazi ya moto kila mtu anaijua, hata mtoto mdogo.

ZUHURA: Sasa njoo Breath of the Wild, 2017. Nilikuwa uwandani, mvua inanyesha, ngurumo juu. Link, shujaa ninayemchezesha, ana upanga wa chuma mgongoni. Mara naona cheche zinarukaruka kwenye ule upanga, na zinazidi. Nikauvua haraka, nikautupa karibu na adui mmoja, Bokoblin, nikakimbia. Radi ikapiga pale pale alipo! Hakuna aliyenifundisha. Nilijua tu kwamba chuma na radi havikai pamoja, na gemu ikakubaliana nami.

BARAKA: Waliotengeneza walieleza mwaka huohuo kwamba mbali na fizikia, waliitungia gemu kemia yake. Moto, umeme na upepo vinabadilisha hali ya vitu. Vyenyewe kwa vyenyewe vinabadilishana pia, kama maji yanavyouzima moto. Lakini kitu na kitu, kama jiwe na mti, havibadilishani hali.

ZUHURA: Ndiyo maana ukichoma nyasi, hewa ya moto inapanda, ukifungua tanga lako la kuelea angani inakubeba juu. Kanuni chache, zinafuatwa kila mahali. Hebu nikuulize. Kama gemu ingekuruhusu umwekee Aerith unyoya, halafu usifanye kazi, ungekasirika?

BARAKA: Hapana. Hilo ningelipokea. Niuweke kifuani pake, nisubiri, nione haamki. Unyoya wangu mmoja upotee bure. Ningelia, dada, lakini ningejua nimejaribu.