Kutyuni Volkswagen Beetle: Valvu Kwanza, Kabureta Mwisho

Karibu mtazamaji. Gari lililo mbele yetu leo ni Volkswagen Beetle, injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Tutaityuni kwa mpangilio huu: valvu, plagi, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili ili cheche iruke), taimingi (wakati wa cheche kuruka), halafu kabureta. Usiupindue. Beetle ikija gereji inakohoa na haikai sailensa, yaani haitulii ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mkono hukimbilia skrubu za kabureta kwa sababu ndizo zinazoonekana. Lakini ukibadili mwanya wa pointi, taimingi nayo imebadilika. Ukibadili taimingi, sailensa imebadilika. Anayeanza na kabureta atalazimika kuirudia, na mara nyingi harudii.

Andaa fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia mwanya, spana ya 13, spana ya 21, bisibisi bapa pana, spana ya plagi, taa ya majaribio ya volti 12, gasketi mbili za vifuniko vya valvu, plagi nne, pointi, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi kuungua kwa cheche) na kichupa cha rangi nyeupe. Vipuri bado vinapatikana, maana Mexico waliendelea kuitengeneza Beetle hii hadi Julai 2003. Ila kama gari lako ni la kabla ya mwaka wa modeli 1967, angalia betri kwanza: mengi ya wakati huo ni volti 6, kwa hiyo balbu ya taa ya majaribio nayo iwe ya volti 6.

Injini iwe baridi kabisa, yaani gari limelala usiku kucha. Si ushauri wa adabu tu. Injini hii ikipata moto, bloku na vichwa vinatanuka na mwanya wa valvu unaongezeka. Ukipima ikiwa moto utabana zaidi ya inavyotakiwa, na kesho asubuhi valvu hazifungi. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, weka stendi pande zote mbili. Ukitoa magurudumu ya nyuma utafanya kazi umekaa badala ya kulala chini.

Sasa namba za silinda, maana hapa watu wengi hupotea. Simama nyuma ya gari ukitazama mbele. Upande wa kulia, silinda ya mbali ni namba 1, ya karibu yako ni namba 2. Upande wa kushoto, ya mbali ni namba 3, ya karibu ni namba 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 4, 3, 2.

Chomoa nyaya za plagi kwa kushika kofia zake, usivute waya. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi. Fungua kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, toa rota, yaani kidole kinachozunguka ndani yake, na ukikuta kifuniko cha vumbi cha plastiki kiondoe, kisha rudisha rota. Sogea karibu utazame ukingo wa distribyuta: kuna mkato mdogo. Hiyo ndiyo alama ya silinda namba 1.

Shika nati ya puli ya jenereta kwa spana ya 21, zungusha kufuata mshale wa saa. Mkanda ukiteleza, ubonyeze kwa mkono mwingine. Zungusha mpaka rota ielekee kwenye ule mkato na alama ya puli ya chini ikae kwenye mshono wa katikati ya bloku. Hapo weka nukta ya rangi nyeupe upande wa pili kabisa wa puli, mkabala na alama. Itatuokolea muda.

Shuka chini, upande wa kulia. Futa uchafu kwanza, kisha ingiza bisibisi nyuma ya waya wa kifuniko cha valvu na uusukume chini. Kifuniko kinaachia, na oili kidogo itadondoka, weka chombo. Unachokiona ni roka nne kwa mstari, yaani mikono inayosukuma valvu. Zile mbili za pembeni ni za eksozi, mbili za katikati ni za kuingiza. Silinda namba 1 ni jozi ya mbele. Zitikise kwa vidole: zote mbili ziwe na mchezo kidogo. Ikiwa moja imekaza kabisa wakati jozi ya namba 3 ndiyo inayocheza, rota yako imegeukia upande wa pili. Zungusha puli mzunguko mmoja kamili.

Kipimo kwa injini za 1300, 1500 na 1600 ni milimita 0.15, eksozi na kuingiza sawasawa. Vitabu vya mwanzo viliandika 0.10, kiwanda chenyewe kikaja kuongeza. Legeza nati ya kufungia kwa spana ya 13, pitisha fila ya 0.15 kati ya skrubu na ncha ya valvu, zungusha skrubu mpaka fila ipite kwa kujivuta kidogo. Shikilia skrubu kwa bisibisi, kaza nati, halafu pima tena. Hii pima-tena ndiyo inayosahaulika: nati ikikazwa huvuta skrubu nayo, na mwanya unapungua. Njia ya kujiridhisha ni hii: fila ya 0.15 ipite, ya 0.20 ikatae. Na kama ncha ya skrubu imechimbika shimo, fila bapa itakudanganya, kwa sababu inakaa juu ya kingo za shimo na kuacha nafasi chini yake. Skrubu hiyo ibadilishwe.

Silinda namba 1 tayari. Zungusha puli nusu mzunguko kufuata saa, mpaka ile nukta nyeupe ikae kwenye mshono. Rota imesogea robo. Sasa ni zamu ya namba 4, upande wa kushoto, jozi ya nyuma. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 2.

Tukae kidogo kwenye namba 3. Katika injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, katikati ya njia ya hewa inayokwenda silinda hiyo, hivyo yenyewe huchemka kuliko wenzake. Ukifungua ukakuta valvu yake ya eksozi haina mwanya kabisa, rekebisha, lakini andika. Baada ya kilomita 5,000 pima tena. Ikiwa imebana kwa mara nyingine, hilo si la bisibisi tena: valvu inarefuka, au kiti chake kinazama, na kichwa kinatakiwa kishuke. Valvu inayorefuka mwisho wake ni kukatika, na kipande kikiangukia ndani kinatoboa pistoni. Kelele ndogo ya tik-tik isikutishe kwenye injini hii. Valvu iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuitilia shaka.

Rudisha vifuniko na gasketi mpya. Ukitaka kutumia gundi, paka upande wa kifuniko tu, upande wa kichwa uwe mkavu, ili siku nyingine kifunguke bila kuchana gasketi. Inua waya ujifunge.

Plagi. Uzi ni wa milimita 14, mfupi, kama NGK B5HS au Bosch W8AC. Mwanya 0.6 hadi 0.7. Kamwe usiweke plagi ya uzi mrefu eti ndiyo iliyokuwepo dukani, itaingia ndani ya chumba cha moto na inaweza kugonga pistoni. Kichwa ni cha aluminiamu, uzi wake unaharibika kwa kosa moja la haraka. Chukua kipande cha mpira wa petroli, kichomeke kwenye kichwa cha plagi na uanze kuifunga kwa vidole. Ikianza kwenda mshazari, mpira utateleza kabla uzi haujachanika. Spana iguse mwishoni tu.

Ukirudisha nyaya, hakikisha kila kofia ina ule mpira mpana unaoziba tundu kwenye bati. Wengi wanauona kama pambo. Bila huo, hewa ya kupoza inatoka nje badala ya kupita kwenye mapezi ya silinda. Ni hivyohivyo kwa mabati yote ya injini na mpira unaozunguka chumba chake: kama kuna fundi aliyekutolea bati kwa kuwa lilimsumbua, litafute lirudi.

Pointi. Legeza skrubu moja, toa za zamani, weka mpya pamoja na kondensa. Paka grisi kwenye kamu, kiasi cha kichwa cha kiberiti, isizidi, maana ikirukia pointi zitaungua. Zungusha injini mpaka kile kitako cha pointi kipande juu kabisa ya pembe ya kamu, uweke mwanya wa milimita 0.40. Futa fila kwanza, ina oili ya valvu. Kama una mita ya dweli, inayopima ni digrii ngapi pointi hukaa zimefungana, lenga kati ya digrii 44 na 50. Pointi za zamani zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili kabla ya muda wake, mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa.

Sasa taimingi. Kabla ya kugusa lolote, soma namba iliyogongwa ubavuni mwa distribyuta, kwa kuwa kipimo kinafuata distribyuta, hakifuati mwaka wa gari. Nyingi zenye mpira mmoja wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, huwekwa digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, na hizo ndizo tunazofanya leo. Zile za mipira miwili huwekwa digrii 5 baada, injini ikiwa sailensa na mipira yote imechomekwa. Ile distribyuta ya Bosch iitwayo 009 haina vakyumu kabisa. Hupimwa kwa taa ya taimingi kwenye resi ya juu, digrii 28 hadi 32. Inasifiwa sana mitaani, ila ikikutana na kabureta ya kawaida huleta kigugumizi kila ukikanyaga mafuta.

Zungusha puli kufuata saa mpaka alama ya 7.5 ikae kwenye mshono, rota ikitazama mkato wa namba 1. Ukipitiliza usirudi kinyumenyume, maliza mizunguko miwili uje upya, ili mchezo wa gia usikudanganye. Unganisha taa ya majaribio: waya mmoja kwenye koili, nguzo iliyoandikwa 1, mwingine kwenye athi, yaani chuma tupu cha injini. Washa swichi, usiwashe gari. Legeza kibano cha distribyuta. Igeuze taratibu kufuata saa mpaka taa izime, kisha irudishe kinyume cha saa, polepole sana. Pale pale taa inapowaka, simama. Kaza kibano. Zima swichi mara moja. Ikiachwa imewashwa pointi zikiwa zimefungana, koili inachemka.

Rudisha kofia. Kuanzia kwenye mkato, kufuata saa, nyaya ni 1, 4, 3, 2.

Kabureta sasa. Washa gari, lipate moto vizuri, choki iwe imefunguka yote. Tunayoiona hapa ni Solex 34 PICT-3. Upande wa kushoto kuna skrubu mbili: kubwa ya hewa inayopita pembeni, na ndogo ya mchanganyiko. Ile iliyo kwenye mkono wa kebo ya mafuta iache, siyo ya sailensa. Zima gari, ingiza ile ndogo mpaka ikae, bila nguvu, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Washa, weka sailensa kwa ile kubwa, mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwa ndogo: fungua taratibu mpaka injini ifikie kasi yake ya juu, halafu ifunge mpaka kasi ipungue kidogo, kama mizunguko 20 au 30. Rekebisha tena ile kubwa kurudi 850.

Haikai sailensa hata ufanye nini? Angalia solenoidi iliyo ubavuni mwa kabureta. Chomoa waya wake swichi ikiwa imewashwa, urudishe: lazima usikie "tak". Kimya maana yake hakuna umeme, au imekufa. Kama inalia, chunguza mipira ya maunganisho ya bomba la kuingizia hewa; ikipasuka inavuta hewa ya wizi.

Kwa walio nyanda za juu, Nairobi au Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililotyuniwa Mombasa au Dar es Salaam litazidiwa petroli huko na plagi zitakuwa nyeusi zenye masizi. Rangi unayoitafuta ni kahawia ya udongo mkavu. Nyeupe kama chaki ni joto kubwa au upungufu wa petroli.

Kabla hujafunga boneti, shika mpira wa petroli uukunje kwa vidole. Ukionyesha nyufa, badilisha leo. Kipenyo cha ndani cha asili ni milimita 5.5, weka na klipu kila mwisho. Jaribu pia kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kikicheza mkononi kitachomoka barabarani, na petroli itamwagikia distribyuta iliyo karibu yake. Beetle nyingi zimeteketea hivyo. Chujio la petroli nalo lisining'inie juu ya injini, lipeleke chini karibu na gia boksi.

Mkanda: bonyeza kwa kidole gumba katikati, uingie milimita 10 hadi 15. Huu ndio unaozungusha feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa safarini, simama hapo hapo uangalie mkanda. Usiseme nitafika kwanza. Beba mmoja wa akiba, pamoja na spana ya 21 na bisibisi.

Shusha gari, endesha kilomita kumi, rudi uangalie kama vifuniko vya valvu vinavuja. Kitako cha pointi mpya hulika haraka mwanzoni, mwanya unapungua na taimingi inachelewa, kwa hiyo ukifika kilomita 500 pima pointi na taimingi tena. Valvu na oili, lita 2.5 pamoja na kusafisha chujio la waya, ni kila kilomita 5,000. Andika kilomita za leo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti ya injini, ubavuni mwake andika namba ya silinda uliyoikuta imebana.