Daftari Hulikagua Shamba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Wengi wakisikia ukaguzi wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea wala dawa za viwandani, hudhani mkaguzi anakuja kuchuma jani, analipeleka maabara, na majibu yakiwa safi cheti kinatoka. Sivyo. Sampuli huchukuliwa, na kule Marekani mashirika ya uthibitishaji hutakiwa kupima angalau asilimia 5 ya wateja wao kila mwaka. Lakini kipimo cha masalia ya viuatilifu hakitakwambia kama msimu uliopita ulitia mbolea ya viwandani. Cheti kinathibitisha njia uliyopita, kuanzia mbegu mpaka ghalani.

Ndiyo maana kuna kipindi cha mpito: shamba hulimwa kwa njia ya kilimo hai kwa muda kabla mazao yake hayajauzwa kwa jina hilo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mazao ya msimu husubiri miaka 2 kabla ya kupandwa. Ya kudumu, miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza. Ni miaka migumu, nakubali. Mkulima anabeba kazi yote ya kilimo hai na bado anauza kwa bei ya kawaida.

Mimi nikifika kwa mkulima naanzia stoo. Nafungua bomba la kunyunyizia, nanusa. Bomba la kuazima huja na dawa ya mwenye nalo. Kisha tunatembea mpakani: upepo unatoka wapi, maji ya mvua yanashukia wapi. Nikikuta magugu yamekauka kwa mstari ulionyooka, najua dawa imepita hapo, iwe yako au ya jirani.

Halafu tunakaa na daftari, na hapa ndipo penye kazi. Shamba lako ni hekta 2, kila hekta imetoa kilo 800. Risiti zinasema umeuza kilo 2,300. Hizo 700 zimetoka wapi? Pengine ni akiba ya mwaka jana, na kama iliandikwa, tumemaliza. Isipoandikwa, sina namna ya kukutetea.

Mama mmoja alinipa daftari la shule la mwanawe. Tarehe za kupanda, mbegu aliponunua, hata siku mbuzi walipoingia shambani. Ukaguzi wake uliisha kabla ya saa sita.

Kwa wakulima wadogo wanaothibitishwa kwa kikundi, mzigo mkubwa uko kwa wakaguzi wao wa ndani. Hao humtembelea kila mwanachama. Mkaguzi wa nje huupima mfumo wenyewe na kurudia wanachama wachache tu. Nawaomba sana, msiogope kuandika kosa la shemeji yako. Kikundi kisicho na kosa hata moja mwaka mzima hunitia wasiwasi kuliko chenye makosa kumi yaliyoandikwa, yakafuatiliwa, yakarekebishwa. Ukimficha mmoja, cheti kikifutwa kinafutwa cha wote, pamoja na yule mama wa daftari.

Sasa fungueni madaftari mliyokuja nayo. Tuanze na ukurasa wa mbegu.