Pointi Nne za Oakland: Tusome Jedwali la Mchezo wa Saba

Mabibi na mabwana, makocha, na ninyi vijana mnaokaa mezani kando ya uwanja mkiandika takwimu, asanteni kwa kuja. Leo tutasoma jedwali moja tu la takwimu. Ni la mchezo wa saba, wa kuamua bingwa, wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, uliochezwa Oakland, California, tarehe 19 Juni 2016. Golden State Warriors walikuwa nyumbani, Cleveland Cavaliers wakiwa wageni, na wageni wakashinda 93 kwa 89.

Kabla ya usiku ule timu hizi zilikuwa zimeshacheza michezo sita, kila moja ikishinda mitatu. Jumlisheni pointi zote za michezo hiyo: Warriors 610, Cavaliers 610. Mtu akiona hesabu hiyo atadhani walikuwa wakikabana koo kila siku. Sivyo hata kidogo. Mchezo wa pili Warriors walishinda kwa pointi 33, wa tatu Cavaliers wakajibu kwa 30, na uliokuwa na tofauti ndogo kuliko yote ulimalizika kwa pointi 11. Jumla ilikuwa sawa, lakini mchezo wa kukabana ulikuwa bado haujachezwa. Ulikuja wa saba, ambao uongozi ulibadilika mara 20.

Sasa shikeni kalamu. Warriors waliingiza mitupo ya pointi tatu 15 kati ya 41. Cavaliers waliingiza 6 kati ya 25. Hizo ni pointi 45 dhidi ya 18, yaani Warriors wametangulia kwa 27. Timu inayopigwa kwa pointi 27 kutoka mbali kwa kawaida hurudi nyumbani kichwa chini. Vipi basi Cavaliers walishinda?

Tuingie ndani ya mstari wa pointi tatu. Katika mitupo ya pointi mbili Cavaliers walipata 27 kati ya 57, Warriors 17 kati ya 42. Hapo Cavaliers wamerudisha pointi 20. Bado wanadaiwa 7. Sasa mitupo huru, ile ya pointi moja moja anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo: Cavaliers 21 kati ya 25, Warriors 10 kati ya 13. Hizo ni pointi 11. Lipeni deni la 7, zinabaki 4. Mchezo mzima ndio huo, na sehemu iliyofunga hesabu ni ile ambayo watazamaji hutumia kwenda kununua maji.

Nawasihi vijana wa mezani: msiiandike safu ya mitupo huru kama kitu cha ziada. Mtupo huru hautokei hewani. Mtu ameamua kuingia chini ya kikapu, akakubali kugongwa, mwamuzi akapuliza filimbi. Cavaliers walikuwa hawapati kitu kutoka mbali usiku ule, na badala ya kung'ang'ania huko walielekea ndani. Idadi ya mitupo huru 25 inaeleza uamuzi huo.

Tuje kwa wachezaji. Ukitazama jedwali bila kujua matokeo, utasema mshindi alikuwa Draymond Green wa Warriors. Mitupo 11 kati ya 15, ya pointi tatu 6 kati ya 8, mitupo huru 4 kati ya 4. Pointi 32, ribaundi 15 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa), asisti 9 (pasi zilizozaa kikapu). Asisti moja tu imemzuia kufikisha tarakimu mbili katika safu zote tatu. Namheshimu sana kwa mchezo ule, na ninaona uchungu kwamba unakumbukwa kidogo kwa sababu tu timu yake ilishindwa.

Lakini toeni mitupo yake mbali. Warriors wengine wote kwa pamoja walipata mitupo ya pointi tatu 9 kati ya 33. Stephen Curry alipata 4 kati ya 14, Klay Thompson 2 kati ya 10. Hawa ndio walioibeba timu hadi ushindi wa michezo 73 kati ya 82 katika msimu wa kawaida. Tukijumlisha mitupo yao yote, ya karibu na ya mbali, ni 12 kati ya 36. Asilimia ya timu nzima ingetufichia mambo mawili yanayopingana: mmoja anayewaka moto na wawili waliopoa.

Upande wa pili, LeBron James ana pointi 27, ribaundi 11 na asisti 11. Kabla yake ni Jerry West mwaka 1969 na James Worthy mwaka 1988 tu waliowahi kufikisha tarakimu mbili katika safu zote tatu kwenye mchezo wa saba wa fainali. Hata hivyo mitupo yake ni 9 kati ya 24, na hiyo si namba ya kujivunia. Aliyefanya kazi kubwa ya kufunga pamoja naye ni Kyrie Irving, pointi 26. Mkitaka kuuona ukubwa wa James, tazameni fainali yote: katika wachezaji wa timu zote mbili aliongoza kwa pointi, ribaundi, asisti, kupokonya mpira na kuzuia mitupo. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mfululizo wowote wa mchujo wa NBA.

Mstari ninaoupenda kuliko yote ni wa Kevin Love. Pointi 9, mitupo 3 kati ya 9. Magazeti hayaweki picha ya mtu kama huyo ukurasa wa mbele. Lakini ana ribaundi 14, na katika safu ya mwisho, ile ya tofauti ya pointi mchezaji akiwa uwanjani, ana 19 juu ya sifuri. Timu ilishinda kwa 4. Maana yake, dakika alizokaa benchi Cavaliers walizidiwa kwa 15. Namba hii ni ya kutumia kwa uangalifu, kwa kuwa katika mchezo mmoja huathiriwa sana na unaocheza nao. Hapa ribaundi zinaiunga mkono: Cavaliers walichukua 48, Warriors 39.

Sasa dakika za mwisho. Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 39, ubao ulisoma 89 kwa 89. Warriors hawakupata pointi nyingine hadi kengele ya mwisho. Ilipobaki dakika 1 na sekunde 50, walitoka mbio, Curry akampa Andre Iguodala mpira karibu na kikapu. J.R. Smith wa Cavaliers alimwingilia, Iguodala akalazimika kurekebisha mwendo wake hewani, na katika ule ucheleweshaji mdogo James akafika kutoka nyuma na kuubandika mpira kwenye ubao wa nyuma ya kikapu. Kwa tukio hilo jedwali linampa James bloku moja, yaani mtupo mmoja aliouzuia. Smith halimpi chochote. Ninyi mnaoandika, wekeni daftari la pembeni kwa ajili ya watu kama Smith, kwa kuwa kocha atakayelisoma kesho yake atahitaji kujua ule ucheleweshaji ulitoka wapi.

Zikiwa zimebaki sekunde 53, Irving akatupa mbele ya uso wa Curry, pointi tatu. Ubao 92 kwa 89. Curry akaja kujibu, akamkuta Love, mtu mrefu asiye na sifa ya ulinzi. Love hakuondoka mbele yake. Curry akatupa, akakosa. Safu ya Love haikuongezeka hata namba moja.

Kisha, sekunde 10 na nukta 6 kabla ya mwisho, James akaenda kudanki, yaani kuusukuma mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, Green akamgonga, akaanguka vibaya akishika mkono. Akasimama kwenye mstari wa mtupo huru. Wa kwanza akakosa. Wa pili ukaingia: 93 kwa 89. Kwa tofauti ya pointi tatu, timu yenye watupaji kama Curry na Thompson ilihitaji mtupo mmoja tu kusawazisha. Kwa tofauti ya nne, mtupo mmoja wa kawaida haukutosha tena.

Nakaribisha maswali.