Kanda za Ngoma Zisituozee Kabatini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Kanda hii ya video, ya VHS, ni ya ngoma ya sindimba iliyochezwa Newala, vijana walipotoka jandoni. Nimeitoa kwenye kabati la mjomba, hapahapa Mikindani. Ukichungulia kidirisha chake utaona weupe pembeni mwa utepe. Si vumbi huo, ni ukungu. Pwani yetu ina joto na unyevu, ukungu unastawi. Ukiitia hivi kwenye deki unachafua vichwa vyake, na kanda itakayofuata nayo inapata. Isafishwe kwanza.

Watu huniambia kazi hii ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta inataka mashine ya mamilioni. Hapana. Laptopu hii ya zamani nimeitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na programu zote ni za bure. Kutoka kwenye deki, waya wa njano unaleta picha, mwekundu na mweupe sauti. Zote zinaingia kwenye kifaa kidogo cha kunasia kinachochomekwa kwenye USB. Linux ikikitambua, picha hupatikana kwa jina kama /dev/video0. Sauti mara nyingi huja kama kifaa kingine peke yake, lazima uichague mwenyewe. Mimi nilinasa arusi ya dada yangu saa nzima, vifijo na vigelegele vyote kimya. Siku hizi sianzi kabla sijasikia sauti masikioni.

Programu ya kurekodi video ya OBS Studio ni rahisi, na kwa kurekodi mkutano kama huu naipenda. Kwa kanda za zamani, natumia FFmpeg, programu ya kunasa na kugeuza video aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000. Sababu ni hii. Kanda zetu ni za PAL, mfumo wa picha za televisheni wenye fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa kupishana: mistari ya witiri na ya shufwa. Simamisha picha pale mchezaji anapokatika kiuno. Mnaona? Ukingo wa kanga umekuwa kama meno ya chanuo. Wengi hukimbilia kuyafuta palepale wakati wa kunasa, na nusu ya mwendo wa kiuno inapotea. Sindimba bila mwendo wa kiuno ni nini? Yaacheni meno hayo. Naseni kwa FFV1, mfumo unaobana faili bila kutupa hata nukta moja ya picha, mhifadhi ndani ya faili la aina ya Matroska (.mkv). Baadaye, kwa nakala ya kwenye simu, kichujio cha FFmpeg kiitwacho yadif kinaweza kuzigeuza zile nusu kuwa picha 50 kwa sekunde, na kiuno kikateleza kama kilivyoteleza siku ile.

Kuhariri natumia programu ya Kdenlive. Laptopu ikilemewa, iambieni itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Video ya mwisho itatoka kwenye faili halisi. Na ukikata kipande, faili halisi haliguswi, maana mikato yote inaandikwa kwenye faili la mradi.

Mwenye kanda aisogeze hapa mezani. Mjomba, nishikie pamba, tuanze na hii ya Newala.