Mimi Nitatoa Ukitoa: Haki, Tabia ya Binadamu na Kazi ya Serikali

HALIMA: Karibuni tena kipindini, wasikilizaji wetu. Mimi ni Halima, na ng'ambo ya meza yuko Musyoka. Leo tunauliza serikali ni ya kazi gani hasa, na tutaanzia getini. Chukua mtaa wa hapa Nairobi wenye nyumba 40 na geti moja. Kila nyumba itoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 40,000: soja wawili kwa 18,000 kila mmoja, na 4,000 inayobaki ni ya taa na matengenezo.

MUSYOKA: Mwezi wa kwanza wanalipa 38. Wa tatu, 29. Kufika wa sita mweka hazina akibisha mlango, mtoto anatumwa aseme baba hayuko. Na soja hawezi kumwambia mwizi, "Ingia, lakini ibia wale wasiolipa tu."

HALIMA: Sasa hapo wanafalsafa wa zamani wangegawanyika. Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 Uingereza ikiwa imetoka kuchinjana kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, angesema bila mkubwa wa kuogopwa hakuna atakayelipa. Rousseau naye, karne moja baadaye, alishikilia kwamba binadamu hakuumbwa mbaya, ameharibiwa na jamii aliyoijenga.

MUSYOKA: Na mabishano ya watu wengi yamekwama papo hapo mpaka leo. Huyu anataka kiboko, yule anataka watu waachwe. Mimi sioni faida ya kuuliza binadamu ni mwema au mbaya. Niambie anafanya nini akigundua kwamba jirani hajalipa. Hilo linapimika.

HALIMA: Linapimwaje?

MUSYOKA: Kuna mchezo ambao wachumi wameucheza duniani kote, na unaweza kuuchezesha kwenye chama chako Jumamosi. Watu wanne, kila mmoja na sarafu 20 za shilingi moja. Kila mtu anaamua kwa siri aweke ngapi kwenye kapu. Mwendeshaji anahesabu kapu, anaongeza asilimia 60 juu yake, kisha anagawa sawa kwa wanne, aliyeweka na asiyeweka. Mnarudia raundi kumi.

HALIMA: Tupigie hesabu polepole, kuna mtu yuko kwenye matatu anasikiliza.

MUSYOKA: Wote wakiweka 20, kapu lina 80. Ukiongeza asilimia 60 ni 128, kila mtu anatoka na 32. Ni bora kuliko zile 20 alizoanza nazo, sivyo? Sasa mmoja abane zake, wale watatu waweke. Kapu lina 60, linakuwa 96, kila mmoja anapata 24. Wale watatu wana 24. Yule mdandiaji ana 24 na zile 20 alizoficha, jumla 44.

HALIMA: Kwa hiyo mwenye hesabu kali haweki hata senti.

MUSYOKA: Kila sarafu unayoweka inakurudishia senti 40 tu, zile nyingine zinakwenda kwa wenzako. Lakini wote wakifikiri hivyo, kila mtu anabaki na 20 na kapu ni tupu. Halafu angalia kinachotokea kweli. Raundi ya kwanza watu kwa kawaida hutoa takriban nusu. Si sufuri kama Hobbes angekuambia, wala si zote. Baada ya hapo michango inashuka raundi baada ya raundi.

HALIMA: Na hapa Kenya ulishachezwa. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliupeleka kwa Waorma, kule Tana River, ukiwa sehemu ya utafiti wa jamii 15 uliochapishwa mwaka 2001. Waorma hawakuhitaji maelezo mengi. Waliuita mchezo wa harambee. Kwa wastani walitoa asilimia 58 ya walichopewa, na mmoja kati ya wanne alitoa chote.

MUSYOKA: Kwa sababu tayari walikuwa na desturi ya kuchangia shule na barabara. Mchezo ulikutana na kitu wanachokijua.

HALIMA: Sasa nieleze kwa nini michango inashuka. Je, watu wanakuwa wabaya raundi hata raundi?

MUSYOKA: La. Mwaka huo huo wa 2001 watafiti watatu waliwauliza wanafunzi huko Uswisi: wenzako wakitoa kiasi hiki, wewe utatoa ngapi? Karibu nusu walijibu kwa mtindo wa "nitatoa wakitoa". Wenzao wakipanda, wanapanda. Wakishuka, wanashuka. Karibu thuluthi walikuwa wadandiaji kamili, hawatoi chochote hata wengine wafanye nini. Na tazama jambo dogo lenye madhara makubwa: hata wale wa nitatoa-wakitoa hupenda kutoa pungufu kidogo kuliko wenzao. Wenzake wakitoa 10, yeye anatoa 8. Raundi inayofuata wenzake wanaona 8, wanatoa 6.

HALIMA: Kumbe mdandiaji hamfilisi mwenzake kwa kile alichokula. Anamfilisi kwa kumvunja moyo.

MUSYOKA: Ndiyo. Kwenye ule mtaa wetu, nyumba mbili zilizogoma zimepunguza 2,000 tu. Kilichoua geti ni zile nyumba tisa zilizosema, "Kama wale hawalipi, mimi ni mjinga?"

HALIMA: Basi weka adhabu, yaishe.

MUSYOKA: Inasaidia, tena sana. Kwenye jaribio la wachumi Fehr na Gächter la mwaka 2002, baada ya kila raundi uliruhusiwa kutumia pointi moja yako kumkata mwenzako pointi tatu. Makundi yalibadilishwa ili usikutane tena na mtu yule yule, yaani humwadhibu ili baadaye akulipe wewe. Watu waliadhibu hata hivyo, kwa gharama yao, na michango ikapanda badala ya kushuka.

HALIMA: Ngoja hapo. Mwaka 2008 mchezo huo huo wa adhabu ulilinganishwa kwenye miji 16. Katika baadhi ya miji, Athens na Muscat ikiwemo, kulitokea jambo ambalo vitabu havikulitegemea: waliotoa kidogo waliwaadhibu waliotoa kingi! Mtu anakatwa pointi, anachukia, raundi inayofuata anamkomoa yeyote anayejifanya mwema. Na adhabu hizo za kukomoa zilikuwa nyingi zaidi mahali ambapo watu hawana imani na sheria.

MUSYOKA: Hiyo ndiyo hatari ya mtaa kujichukulia sheria mkononi. Leo umati unamvamia kijana kwa simu iliyopotea, kesho ndugu zake wanamtafuta aliyeanza kupiga kelele. Hakuna aliyepima ushahidi, na jiwe halina rufaa.

HALIMA: Hapa ndipo mimi humpenda Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, kuliko wote. Hakusema watu ni wanyama. Alisema watu wengi wanajua haki, lakini kila mmoja akiwa hakimu wa kesi yake mwenyewe atajipendelea, na akiadhibu atapita kiasi. Kwa hiyo kunakosekana vitu vitatu: sheria inayojulikana na wote kabla ya kosa, mwamuzi asiye upande wowote, na nguvu ya kutekeleza uamuzi. Serikali ni kwa ajili ya hivyo vitatu.

MUSYOKA: Ningeongeza cha nne, ambacho Locke hakukipa uzito: hesabu inayoonekana. Mtu wa nitatoa-wakitoa anahitaji kuona kwamba wengine wametoa na kwamba kapu halijatobolewa chini. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alikagua vikundi vinavyotunza mifereji, misitu na maeneo ya uvuvi kwa vizazi. Vilivyodumu vilikuwa na wakaguzi wanaowajibika kwa wanachama, adhabu inayoanza ndogo na kupanda ngazi, na mahali pa karibu na pa bei nafuu pa kusuluhisha ugomvi. Hakuna kilichoanza na rungu.

HALIMA: Kwa hiyo yule mweka hazina wetu afanye nini?

MUSYOKA: Asibandike majina ya wadaiwa getini wala kwenye grupu ya WhatsApp. Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kumfikia. Pili, na hili ni kubwa zaidi, orodha ya wadaiwa inamtangazia kila mtu kwamba kutolipa ni jambo la kawaida. Aandike: nyumba 39 kati ya 40 zimelipa, soja wamepewa 36,000, taa 2,500. Basi. Asiyelipa apewe ukumbusho wake faraghani, kisha barua, kisha kikao na kamati.

HALIMA: Na akikaidi kabisa?

MUSYOKA: Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na ile ya Milimani ilifunguliwa Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000: mikataba ya bidhaa na huduma, pesa unazodai, mali iliyoharibiwa, fidia ya majeraha. Usipeleke ugomvi wa umiliki wa ardhi, wa ajira wala wa kuchafuliwa jina, utarudishwa. Kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unaweza kujisimamia bila wakili.

HALIMA: Watu hushindwa wapi?

MUSYOKA: Kwenye karatasi. Mwenyekiti anafika na hasira na taarifa ya M-Pesa, lakini hana popote ambapo jirani alikubali kulipa hiyo 1,000. Kabla ya yote, sahihi kwenye makubaliano. Halafu kuna la pili watu hawalitarajii: kushinda si kulipwa. Ukipata hukumu na mdaiwa akanyamaza, bado lazima uanze utaratibu wa kutekeleza hukumu, na una gharama zake. Kwa deni la miezi mitatu ya geti, mimi ningemaliza kwenye kikao.

HALIMA: Sasa tupande juu, kwa kapu kubwa. Kodi. Walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, mpaka Rais akakataa kuutia sahihi, wengi hawakuwa wakisema hawataki kuchangia. Walikuwa wakiuliza zile za kwanza zimeenda wapi.

MUSYOKA: Hao ndio wale wa nitatoa-wakitoa, taifa zima. Ukiwaita wadandiaji umekosea ugonjwa, na dawa itakuwa ya kosa pia.

HALIMA: Katiba ya 2010 iliwapa chombo, na nashangaa jinsi kinavyotumiwa kidogo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ndiyo inayoeleza namna. Unaandika barua kwa Kiingereza au Kiswahili. Kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa kutoa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine. Huna haja ya kueleza sababu, na hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Wanaweza kukutoza gharama halisi ya kunakili, si zaidi.

MUSYOKA: Na barua yenyewe?

HALIMA: Hapo ndipo watu huharibu. Wanaandika: "Kwa nini barabara yetu ni mbovu?" Hilo ni lalamiko, halina faili. Omba hati. Andika: "Naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa barabara fulani, kutoka makutano haya hadi yale, pamoja na jina la mkandarasi, thamani ya mkataba, tarehe ya kumaliza, na vyeti vya malipo yaliyokwisha fanywa." Mahali, hati, kipindi. Na ujue kwamba jina la mkandarasi, kiasi na muda wa mkataba ni vitu ambavyo sheria inataka vitangazwe hata kabla hujauliza. Kwa hiyo huombi upendeleo.

MUSYOKA: Watakuambia si idara yetu.

HALIMA: Kama habari iko kwa taasisi nyingine, wana siku tano za kulihamisha ombi lako. Wasikuzungushe. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano kijana amekamatwa na hamjui yuko kituo gani, ni saa 48.

MUSYOKA: Na huyo kijana usingoje barua tu. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au zikiisha nje ya saa za mahakama, kufikia mwisho wa siku inayofuata ya mahakama.

HALIMA: Vizuri umesema. Sasa ile siku ya 21: wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, ikiwa hati ni nyingi au zinahitaji kutafutwa sana. Wakinyamaza, sheria inahesabu kimya kama kukataa. Hilo ni zuri kwako, kwa sababu kukataa kunakufungulia mlango wa Tume ya Utawala wa Haki, wale tunaowaita Ombudsman. Una siku 30 za kuomba wapitie uamuzi.

MUSYOKA: Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Huko ndiko wengi hupotezwa.

HALIMA: Ndiyo maana unapeleka nakala mbili. Moja inabaki mapokezi, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ile uliyotuma na jibu lolote, hata lile la mashine. Bila tarehe ya kupokelewa, utabishana na tume kuhusu kalenda badala ya mkataba.

MUSYOKA: Na usiende peke yako na kila swali. Mtaa mmoja, ombi moja, watu kumi wanaojua tarehe ya muhuri. Afisa akistaafu au akihamishwa, kuna wa kuendelea kufuata.

HALIMA: Wiki ijayo tunachambua vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti: tangazo linatakiwa kusema nini, na ukifika ukumbini ukaambiwa nakala zimeisha unafanya nini. Kwaheri kwa sasa.